Kadi ya Mkunga

Kwa miaka sitini na mitatu dada alikuwa amemzidi pacha wake kwa saa tano na dakika thelathini na tano, na haikupita wiki bila kumkumbusha. Yeye alizaliwa saa moja na robo asubuhi. Kaka, karibu saa saba mchana. Ndiyo maana ukoo mzima ulimwita kaka Mchelewaji. Ilisemwa alibaki tumboni akitafuta viatu. Mama yao hakuweza kushuhudia lolote: alizirai kabla mtoto wa kwanza hajatoka, akazinduka jioni akiwa na watoto wawili na kadi moja ya mkunga. Baba, karani, alinakili saa hizo kwenye daftari lake: wa kike 07:15, wa kiume 12:50.

Dada alistaafu akiwa mkuu wa maabara ya hospitali. Miaka thelathini na mmoja alikataa vipimo visivyo na lebo, na alipoanza kuweka ukoo kwenye kompyuta aliendelea vilevile: bila karatasi, hakuna mtu. Faili lake lilikuwa na watu mia tatu na kumi na wanane. Mchelewaji, fundi cherehani, alikuwa na faili lake kwenye simu, lililotengenezwa na binti yake, lenye watu mia mbili na wanne. Jumamosi ukoo ungekutana, na kwa kuwa wazee wote walikwisha kufa, mkubwa kati ya mapacha ndiye angesimama kusoma majina, kuanzia babu wa kwanza hadi mtoto wa mwisho. Dada alikuwa akijizoeza mbele ya kioo cha kabati tangu mwezi uliopita.

Alhamisi Mchelewaji alikuja na simu, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umechelewa dakika ishirini."

"Ndivyo nilivyoumbwa."

Dada aliunganisha simu na kompyuta kwa waya. Programu ilianza kuwaleta watu wawili wawili, ikiuliza kama ni mtu mmoja.

"Huyu 'Mjomba Redio' ni nani?"

"Si yule asiyenyamaza?"

"Ana jina la cheti."

"Ungemwita kwa jina hilo, asingeitika."

"Na hapa umeandika amezaliwa 'mwaka wa mvua kubwa'."

"Ilinyesha kweli, dada!"

"Mvua haina cheti." Hata hivyo aliiweka mvua kwenye maelezo, kwa sababu shangazi wawili waliwahi kuitaja bila kuulizwa.

Mchelewaji alikwenda jikoni kujimiminia chai. Ndipo programu ikawaleta wao wenyewe. Hapakuwa na ubishi: 07:15 kwake, 12:50 kwa kaka, mafaili yote mawili sawa. Tofauti ilikuwa moja tu. Faili la kaka lilikuwa na picha ya kadi yenyewe, iliyotoka kwenye sanduku la mama ambalo siku hizi lilihifadhi mabaki ya vitambaa dukani. Kidole cha dada kilikuwa tayari juu ya "Unganisha". Lakini hakuwahi kupitisha kitu bila kukifungua. Akaifungua.

Mstari wa kwanza, wino wa bluu: *Mama kapokelewa 10.30 alfajiri.* Wa pili, mkono uleule: *Wa kiume, 12.50.* Chini yake, wino mweusi na saini nyingine: *Wa kike, 7.15 asubuhi.*

Aliikuza picha. Saa kumi na nusu alfajiri. Mkunga wa zamu ya usiku alihesabu saa kama watu wanavyohesabu nyumbani. Mwenzake wa asubuhi alifuata saa ya ofisini, na baba, mtu wa ofisi, akazisoma zote kiofisi. Basi ile 12.50 haikuwa mchana. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika hamsini, asubuhi ileile, kabla ya zamu kubadilishana. Kaka alitangulia. Aliyechelewa, kwa dakika ishirini na tano, ni yeye.

Angeweza kubonyeza tu. Katika ukoo huu hakuna mwingine aliyefungua viambatisho. Alilijua hilo kwa sababu alishawauliza. Alirudia hesabu mara mbili. Kisha akamwita.

Mchelewaji aliitazama kadi, akasikiliza maelezo, chai ikipoa mkononi.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mkubwa ni wewe."

"Futa."

"Sifuti."

"Dada, futa! Mkubwa ni jalala. Nani alikwenda kwa mwalimu mkuu nilipovunja dirisha? Nani alimwambia baba kwamba sitaki ukarani, nataka cherehani? Mimi nilikuwa nyuma ya mlango."

"Nakumbuka. Ulikuwa unakula."

"Sasa nianze ukubwa leo, na goti hili?"

"Jumamosi utasoma wewe." Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Alimsogezea karatasi za majina, akazinyoosha kingo, kisha akazinyoosha tena.

Mchelewaji alizitazama. Kila mahali pa kuvuta pumzi palikuwa na alama ya penseli, na pembe zilikuwa zimelegea. Fundi hukijua kitambaa kilichoshikwashikwa.

"Andika ukweli wako," alisema. "Nakuona."

Dada akaandika: 06:50.

"Sasa mimi ni mkubwa?"

"Kwa ushahidi, ndiyo."

"Basi sikia amri. Jumamosi utasoma wewe. Mdogo hambishii mkubwa."

"Unatumia cheo kukikwepa cheo."

"Kutangulia si kufika, dada. Miaka yote hii nimefika kwa kukufuata wewe. Leo nipite mbele, nimwonyeshe nani njia?"

Dada alizivuta karatasi upande wake.

"Naam, kaka," alisema, kama mtu anayemeza dawa chungu, na Mchelewaji akacheka mpaka utepe ukaanguka kwenye chai.

Mlangoni Mchelewaji aliinamisha kichwa kwa mazoea, akiaga kwa salamu ileile ya kuingilia. "Shikamoo, dada."

"Marahaba." Lilikwisha kumtoka. Wakatazamana.

"Kesho saa nne tumalizie," dada alisema. "Usichelewe."

"Nani, mimi? Mchelewaji si wewe?"

Dada alirudi mezani kuhifadhi kazi. Kwenye nafasi ya jina la utani la kaka yake palikuwa bado pameandikwa Mchelewaji. Alifikiri kidogo, akaliacha. Saa ilikuwa imesahihishwa. Jina lilikuwa na mashahidi mia tatu.