Hedi Iliyosagwa Kupita Mkono

Binti yangu Bronte alikuwa anasaga hedi ya silinda, kile kifuniko cha juu cha injini, kwenye meza ninayokunjia nguo. Alikuwa ametandaza msasa juu ya kioo, akaulowesha mafuta ya taa, na sasa aliisukuma hedi kwa mwendo wa namba nane, anaigeuza, anaendelea. Unga wa kijivu ulifika hadi kwenye taulo zangu.

"Inatosha," nikamwambia.

"Bado kidogo, Mama."

"Kidogo chako nakijua."

Hapa kwetu Wirrabilla, kamji ka wafugaji kondoo, tunashindana kwa mashine za kukata nyasi. Unatoa kisu, unafunga kiti, unapanda, unakimbiza. Injini ni ndogo, ya stroki mbili, ya kuchanganyia petroli na oili. Mshindi wa mbio zetu ndiye anayetuwakilisha kwenye maonyesho ya wilaya, mtu mmoja tu, na kwa miaka mingi mtu huyo amekuwa kaka yangu Merv. Bronte ana miaka kumi na saba. Aliitaka nafasi hiyo kuliko leseni ya gari.

Wazo lake lilikuwa sahihi. Ukiipunguza hedi, nafasi iliyo juu ya pistoni inakuwa finyu, mchanganyiko unabanwa zaidi kabla plagi haijatoa cheche, na pistoni inasukumwa kwa nguvu zaidi. Ukizidisha, pistoni inagonga hedi na umebaki na vyuma chakavu. Kwa hiyo nilimwambia aifunge, apenyeze waya laini wa kulehemu kwenye tundu la plagi, azungushe injini kwa mkono, kisha apime unene wa ncha iliyobanwa, ambao ndio nafasi iliyobaki.

Tulikuwa salama. "Unaona?" akasema.

"Naona. Washa."

Akavuta kamba. Ilitoka shubiri moja ikagoma. Akavuta tena kwa hasira. Injini ikarudisha teke, ikamnyang'anya kishikio na kumchapa vidole. Akatamka neno ambalo nilijifanya sikulisikia.

Hapo ndipo palipokuwa na shida: hedi ikibana zaidi, kamba nayo inakuwa nzito zaidi kuvuta. Katika mbio zetu madereva husimama ng'ambo ya njia, filimbi ikilia wanakimbilia mashine, na kila mtu anawasha yake. Ukisaidiwa, umetolewa.

Merv akaingia na pai ya nyama mkononi. "Mpwa wangu, hiyo ni injini au nanga?"

"Mjomba, umekuja kula au kupeleleza?"

"Vyote. Sogea." Akavuta kwa lile bega lake la kubeba kondoo. Injini ikawaka kwa mlio mkali, mkavu, hata mbwa akatoka nje. Merv akasahau kutafuna.

"Umesaga kiasi gani?"

"Muulize mbwa."

Aliondoka bila hata kuomba chai, na Merv haondoki bila chai.

"Sasa kata gasketi nene ya shaba ya kuweka chini ya hedi," nikamwambia Bronte. "Rudisha sehemu ya ulichotoa."

"Mama! Nimesaga wiki nzima!"

"Na mkono wako ni uleule. Injini isiyowaka ina nguvu gani?"

Akanuna. Akabamiza mlango, akarudi, akachukua bati la shaba na mkasi. Aliichora gasketi, akaikata, akaichoma kwa gesi hadi ikawa nyekundu, akaitumbukiza majini ili iwe laini. Alipoifunga, kamba ilikuwa nzito lakini inavutika. Mlio ulipungua ukali.

"Imekuwa kama ya Bibi," akalalamika.

"Bibi yako alikuwa anawaka kila asubuhi."

Siku ya mbio filimbi ikalia, wakakimbia. Bronte akavuta, kimya. Akavuta tena, ikakubali, akaruka kitini. Pembeni yake Merv alikuwa anaivuta kamba, na kamba inamvuta yeye.

"Merv!" nikapiga kelele. "Umeisaga yako?"

"Nyamaza, dada!"

"Umeisaga!"

Uwanja mzima ukacheka. Aliweka mguu kwenye gurudumu, akavuta kama anayeng'oa kisiki, na mashine ikawaka wakati Bronte anamaliza kona ya pili. Niseme kweli: tangu hapo hakuna kilichomkaribia Merv kwa kasi. Alimpita kila mtu isipokuwa Bronte. Kona ya mwisho gurudumu lake la mbele lilikuwa sawa na kiti cha Bronte. Nikamsikia mwanangu akipiga kelele, "Hupiti hapa, Mjomba!" Akashikilia upande wa ndani, mavumbi yakawafunika, na pua ya mashine iliyotokea kwanza ilikuwa ya Bronte.

Merv alikuja akikunjua vidole vilivyovimba.

"Huko maonyesho utahitaji mtu wa kukubebea petroli," akasema.

"Nitahitaji," Bronte akajibu, huku akivua kofia. "Ila huyo mtu haruhusiwi kugusa hedi."