Matone Mawili ya Josaphat

Jumatatu asubuhi Bernadette alipanga mstari mbele ya ofisi ya chanjo ya wasafiri, hapa Bunia, na kiti chake cha plastiki na chupa ya chai. Nyuma yake alisimama mume wake Josaphat, aliyekufa mwaka jana wakati wa mvua, ameegemea mkongojo. Mtu aliyefuata aliuliza kama marehemu naye anahesabiwa kwenye mstari. Bernadette akamjibu kwamba anahesabiwa. Mtu yule akasogea nyuma kidogo.

Walikuwa wanakwenda ng'ambo ya ziwa, Uganda, ambako binti yao Viviane alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Josaphat alikufa bila kumshika mjukuu, na jambo hilo lilimnyima utulivu kaburini. Lakini kule Mahagi-Port, bandari ya kuvukia, asiye na kadi ya njano yenye chanjo ya polio anarudishwa.

Muuguzi Tina alimtazama Josaphat kuanzia chini. Mguu wa kushoto ulikuwa mwembamba kama mwiko, na kiatu chake kilikuwa cha mtoto wa shule. Maisha yake yote Josaphat alinunua jozi mbili ili apate moja.

"Papa, utotoni haukupata matone?"

"Sanduku la barafu la chanjo lilifika Iga Barrière, likarudia pale. Siye tulikuwa tunakaa mbele kidogo."

"Na sasa unavuka mupaka?"

"Navuka."

"Basi utapata. Wanasema kila musafiri. Hawasemi musafiri muzima. Fungua kinywa."

Josaphat akasita. Si rahisi kwa mzee kupanua kinywa kama kinda mbele ya watu.

"Miaka yote ile kinywa chako hakikufunga hata kanisani," Bernadette akasema. "Leo ndio unapata haya?"

Mstari ukacheka. Josaphat akafungua, na matone mawili yakaingia.

Walipofika nyumbani mguu ule mwembamba ulikuwa umejaa nyama. Kiatu cha kushoto ilibidi kikatwe kwa kisu. Josaphat akaweka mkongojo nyuma ya mlango, akaanza kuzunguka ua wa lupango kwa hatua ndefu. Bernadette alijaribu kumfuata. Tangu aolewe alikuwa amejifunza kutembea polepole pembeni yake, mpaka wanawake wa sokoni wakadhani ana majivuno, na sasa hakujua mwendo mwingine.

"Ngojea basi," akamwambia. "Weye ni mufu, unakimbilia wapi?"

Wiki zilizotakiwa baada ya chanjo zilipopita, wakapanda gari la Mahagi. Pale Iga Barrière likasimama kupakia viazi. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni aliona kadi ya njano mkononi mwa Josaphat, akauliza matone wanatoa wapi.

"Bunia. Ya wasafiri."

"Ya watoto wa huku bado. Wanasema barabara ni mubaya."

Abiria wakatazama barabara waliyokuja nayo.

"Na weye, papa, ulifanya nini mpaka wakakupa?"

"Kwanza nilikufa. Kisha nikaamua kusafiri."

Mwanamke akafikiri. Akasema hiyo ni safari ndefu kwa mtoto mdogo, akarudi kwenye viazi vyake. Josaphat akaitazama miguu ya yule mtoto, miwili, minene, ikining'inia kwenye kitenge, mpaka gari likaondoka.

Mahagi-Port, mkaguzi alisoma kadi, akaangalia mhuri, akamwambia, "Pita, muzee." Wakavuka.

Viviane aliwapokea mlangoni. Alimkumbatia mama yake, akamwambia baba yake kwamba amenenepa upande mmoja, kisha akamwekea mtoto mikononi. Mtoto akampiga Josaphat teke kifuani.

"Huyu naye iko na nguvu," akasema Josaphat. "Atahitaji matone."

"Alikwisha pata, papa. Siku ileile alizaliwa."

Josaphat akauliza, walipompa matone, mtoto alisema anasafiri wapi.

Viviane akasema hakuna aliyemuuliza.