Mlezi Aitwaye Nosakhele

Saa nne na nusu asubuhi Nosakhele alikuwa bado kwenye benchi la ofisi ya ruzuku ya watoto, namba yake kiganjani, miguu imemfa ganzi. Alitoka nyumbani kabla giza halijatoka, akapewa lifti nyuma ya pikapu ya jamaa anayepeleka kondoo mjini, na koti lake lote lilinuka kondoo. Mbele yake walikuwa wamebaki watu kumi na mmoja. Makarani walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa anakunywa chai.

Leo Jumatatu hakwenda kazini. Alikuwa mfyeka nyasi kando ya barabara, kazi ya vibarua ya serikali, ile ya kuvaa kizibao cha rangi ya chungwa. Mshahara wenyewe ni wa kutia machozi, lakini ndio uliokuwa ukiwanunulia unga, mafuta ya taa na maziwa ya mtoto. Sheria ya kazi hiyo ni moja na haina huruma: ukikosa siku tatu ndani ya mwezi bila karatasi ya daktari, unakatwa jina. Wenye kuisubiri nafasi yako wamejaa kijiji kizima.

Mtoto mwenyewe anaitwa Oyisa, wa miezi mitano. Mama yake ni Asavela, mjukuu wa Nosakhele, msichana wa miaka kumi na mitano ambaye mama yake alikwenda Johannesburg na simu yake haijapatikana tangu Pasaka ya mwaka juzi. Aliyempa mimba alihamishiwa kwa shangazi yake Durban wiki ileile tumbo lilipoonekana, na kwao hawajaja hata kubisha hodi. Basi. Yaliyopita yamepita. Kilichobaki ni shule. Mwalimu mkuu alikuwa amemwekea Asavela nafasi ya darasa la kumi mpaka Ijumaa hii, asipofika nafasi anapewa mwingine. Ili aende shule, ilibidi Oyisa ashinde kwa Nandipha, mwenye kituo cha watoto wachanga. Nandipha hakopeshi. Ila alisema akiona karatasi ya ruzuku yenye muhuri, atampokea mtoto siku hiyohiyo na kungoja pesa ya kwanza itoke. Na ruzuku, kwa kuwa mama wa mtoto hajafika miaka kumi na sita, lazima iombwe na mlezi.

Mlezi ndiye yeye. Ndivyo alivyodhani mpaka alipofika dirishani.

Karani aliitwa Phumeza, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alikuwa na adabu. Afadhali angekuwa mkorofi, ungemtukana moyoni ukapumua. Alikitazama kitambulisho, akakitazama cheti cha kuzaliwa cha mtoto, akarudi kwenye kitambulisho.

"Mama, hiki cha nani?"

"Changu."

"Kimeandikwa Thenjiwe Mbalo. Cheti kinasema mlezi ni Nosakhele Mbalo. Huyo Nosakhele yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

"Na Thenjiwe?"

"Ndiye mimi."

Watu wa benchi la nyuma wakacheka kidogo. Nosakhele alihisi uso unawaka moto. Thenjiwe lilikuwa jina la usichana wake, jina la kwao. Miaka thelathini na minane iliyopita, siku alipoolewa, alikalishwa nyuma ya mlango na blanketi mabegani, na baba mkwe wake akamwita Nosakhele mbele ya ukoo wote. Tangu siku hiyo lile la kwanza lilibaki kwa wazazi wake. Kumwita mke wa watu kwa jina la usichana ni sawa na kumwambia mahari yake haikutolewa. Mumewe mwenyewe, mpaka anaingia kaburini, hakuwahi kulitamka. Liliishi ndani ya kitambulisho, na kitambulisho kiliishi chini ya godoro.

Phumeza alimsikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kwa kukubali.

"Mama, hata mimi nina jina la ukweni. Nayajua hayo yote. Kompyuta ndiyo haijaolewa."

Akaeleza. Kusahihisha cheti kunawezekana, ofisi nyingine, miezi sita hadi minane. Njia ya mkato ni barua ya mzee wa kijiji, ithibitishe kwamba Thenjiwe Mbalo ndiye anayeishi na mtoto. Alete hiyo Jumatano.

Nyumbani Nosakhele alimkuta Asavela anamkorogea Oyisa uji mwepesi, sare yake ya shule imeoshwa na kutundikwa ukutani kama picha. Alimuuliza nani alimtuma hospitali kuandikisha Nosakhele. Msichana aliweka kijiko chini, akaeleza. Nesi alimuuliza nani atakayemlea mtoto, akasema bibi, nesi akataka jina la bibi.

"Nilisema jina nililolijua," Asavela alisema. "Kwani una jingine?"

Kumi na tano, naye amelelewa mgongoni kwake, na hajui. Angejuaje? Nosakhele alitaka kugomba lakini hakuona wa kumgombeza. Akamwonyesha kitambulisho. Asavela alilisoma lile jina taratibu, kwa sauti ya chini, kisha akajifunika mdomo kwa aibu, akaomba msamaha kwa kulitamka.

Jumanne, baada ya kufyeka kutwa, alikwenda na kizibao chake mwilini kwa mzee wa kijiji, Mjoli, anayeandika barua za kijiji. Mzee alimkaribisha vizuri, akauliza habari za mtoto, akailaani serikali, akatoa karatasi na muhuri. Nosakhele alimwambia kinachotakiwa. Akamwambia mara ya pili. Mzee aliweka kalamu chini.

"Mke wa marehemu Mbalo nimwandike kwa jina la usichana? Kwa mkono wangu huu? Mumeo nilikuwa rafiki yake, mama."

Alimweleza kwamba ni karatasi tu, kwamba mtoto wa shule anapoteza nafasi, kwamba hata kitambulisho kimeandikwa hivyo. Mzee alisema waliotengeneza vitambulisho hawakuwa watu wenye adabu, ila yeye anaishi na watu wa kijiji hiki na kesho ataamka nao. Mwisho alikubali kuandika. Nosakhele hakuwa na miwani na jioni ilikuwa imeshaingia, akaikunja barua na kuitia kifuani, akashukuru.

Jumatano alikosa kazi siku ya pili. Saa tano na robo Phumeza alifungua barua, akaisoma, akashusha miwani.

"Mama, umesoma hii?"

Mzee Mjoli alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri sana kwamba yeye anamfahamu Nosakhele Mbalo kuwa mlezi wa mtoto Oyisa, ni mwanamke mwenye heshima, asaidiwe upesi. Thenjiwe hakutajwa popote. Kabla ya barua ile karatasi iliyomkataa ilikuwa moja, sasa zilikuwa mbili, na ya pili ameilipia soda na biskuti alizompelekea mzee. Nosakhele aliinamisha kichwa kwenye ukingo wa dirisha la karani. Hakuwa analia. Alikuwa amechoka kuelezea jambo ambalo kila aliyemweleza alilielewa.

Phumeza alishusha sauti. Akasema ipo njia ya mwisho, na akamwomba asimkasirikie. Aende kituo cha polisi, ale kiapo kwamba mtu aitwaye Nosakhele Mbalo hayupo, kwamba jina liliandikwa kwa makosa. Mtu asipokuwapo hawezi kuwa mlezi, na mfumo utamruhusu karani kumwingiza Thenjiwe.

"Niape kwamba sipo."

"Kwamba Nosakhele hayupo."

Nosakhele alikusanya karatasi zake. Alimwambia Phumeza, kwa utulivu, kwamba jina hilo alipewa na mzee aliyemchinjia mbuzi, amezaa nalo watoto wanne, amezika nalo mume na watoto wawili, na kwamba mlangoni kwake halitakanwa kwa ajili ya mashine. Akatoka. Lifti ya kurudi aliipata saa tisa.

Alhamisi alifyeka nyasi kama anayelipiza kisasi. Msimamizi, aliyekuwa kijana wa jirani na aliyemheshimu, alimsogelea wakati wa kula akamnong'oneza kwamba siku mbili zimeshaingia kwenye daftari na ya tatu hataweza kumfichia, kwa kuwa daftari hukaguliwa. Nosakhele alijibu ameelewa.

Jioni hiyo alikuta ukuta mtupu. Asavela alikuwa ameikunja sare na kuitia kwenye mfuko wa plastiki. Alisema ameshaamua, shule itakuwepo mwakani. Oyisa atakuwa ameanza kutembea, yeye atakuwa amefika miaka kumi na sita, ataomba ruzuku mwenyewe. Aliyasema yote vizuri kabisa, kama aliyeyakariri, huku anamenya viazi. Nosakhele alimtazama ile mikono myembamba, kidole gumba chenye alama za kisu. Mwakani! Mama yake naye alisema mwakani. Na yeye mwenyewe, akiwa Thenjiwe, aliambiwa mwakani na baba yake, na huo mwaka haujafika hadi leo.

"Itundike hiyo sare," alisema.

Ijumaa saa mbili alikuwa kituo cha polisi. Askari wa zamu alikuwa mwanamume mnene mwenye mafua. Aliandika kwa herufi kubwa, akisoma kila neno: Mimi, Thenjiwe Mbalo, naapa ya kwamba mtu aitwaye Nosakhele Mbalo hayupo nyumbani kwangu na hajawahi kuwapo. Akauliza kama ni kweli tupu, Mungu amsaidie.

Alimwona baba mkwe wake, ile fimbo yake, ile sauti. Akamwambia moyoni, baba, nisamehe, ni kwa ajili ya kitukuu chako. Kisha akasema ni kweli tupu, akachukua kalamu, na akaandika jina ambalo hakuwa ameliandika tangu akiwa msichana. Mkono ulikosea, ikabidi askari atoe karatasi nyingine.

Phumeza alipiga muhuri kabla ya saa sita. Alimshika kiganja pale chini ya kioo akakibana. Malipo yangeanza mwezi ujao. Nosakhele alirudi na karatasi ile kifuani, akampelekea Nandipha, Nandipha akaikubali. Asavela alikimbia mpaka shuleni akaandikwa saa nane na nusu, zimebaki dakika thelathini wafunge. Usiku ule walikula kuku.

Jumatatu alfajiri Nosakhele alivaa kizibao na kwenda barabarani kama kawaida. Msimamizi alimwona kwa mbali, akaanza kuangalia viatu vyake. Siku ya tatu ilikuwa imeingia daftarini, na jina lake limekatwa. Panga alilotumia lilikuwa tayari mkononi mwa mwanamke mwingine, tena mwenye watoto wadogo, huwezi hata kumchukia. Wiki nzima alihangaika apate msaada wa serikali juu ya mshahara wa serikali. Sasa amepata msaada badala ya mshahara, na ni mdogo kuliko mshahara, na hakuna dirisha la kwenda kulalamika maana kila mmoja alifuata sheria. Alivua kizibao, akakikunja, akamkabidhi kijana wa watu.

Alipofika nyumbani Asavela alikuwa anatoka, sare mwilini, begi mbele, Oyisa amefungwa mgongoni na blanketi, anampeleka kwa Nandipha. Alisimama.

"Bibi, mbona umerudi?"

Nosakhele alianza kufungua fundo la blanketi.

"Lete mtoto. Mwambie Nandipha hatutahitaji."

"Na kazi?"

"Geuka nimtoe vizuri."

Asavela aligeuka. Mabega yalianza kumcheza. Nosakhele alimtoa mtoto, akamweka begani, akaivuta kola ya shati la mjukuu wake ikae sawa.

"Kengele inalia saa mbili kasoro robo," alisema. "Ukichelewa leo, nitakupiga."