Gazeti la Kukatia Gauni

Jumanne baada ya chakula cha mchana, fundi cherehani aliyejulikana mtaa mzima kama Bi Pindo alitandaza gazeti kuukuu mezani, akashika chaki, akaanza kuchora gauni la mwalimu. Fundi makini hukata karatasi kwanza, kitambaa baadaye, maana karatasi ikikosewa hakuna hasara. Siku hiyo karatasi nyingine zilikuwa zimemwishia. Lilibaki gazeti hilo tu, alilolitunza chini ya godoro miezi miwili.

Lilikuwa la siku iliyofuata moto. Tajiri mwenye gazeti ndiye pia mwenye kiwanda cha nyuzi, na kiwanda kiliteketea milango ikiwa imefungwa kwa nje, wanawake kumi na tisa wakiwa ndani. Gazeti likaandika kwamba moto ulikuwa mdogo, hakuna aliyeumia, na wafanyakazi kumi na tisa waliacha kazi bila taarifa. Mmoja wao alikuwa mdogo wake Bi Pindo. Ndipo mtaa ulipoapa kutolinunua tena, hata la kufungia sabuni. Wa kwanza kuapa alikuwa Bi Pindo mwenyewe, amepanda juu ya benchi, sauti imemkauka.

Kesho yake mwalimu alipolivaa, gauni lilimkataa. Kiuno kilikuwa chembamba mno, bega la kushoto limeshuka. Bi Pindo alitazama daftari. Vipimo vya mwalimu havikuwa na kosa. Gauni ndilo lililokuwa na vya mtu mwingine. Bega lile alilijua, kwani ndiye aliyelishonea sare ya kwanza ya shule. Akamwomba mwalimu radhi, akalitundika msumarini.

Saa tisa alasiri mdogo wake aliingia, ananuka moshi, akavua viatu mlangoni kama kawaida yake. Alilivaa, akajigeuza mbele ya kioo. Kiooni lilionekana gauni peke yake.

“Dada, kwapani pananibana.”

“Inua mkono. Kila siku nakwambia usijikunyate nikikupima.”

Kila gauni lililokatwa kwa gazeti lile lilitoka hivyo, mpaka kurasa zikaisha. Bi Pindo akajaribu karatasi ya kaki ya dukani. Magauni yakawakaa wateja vizuri kabisa, wateja wakashukuru, na saa tisa ikapita mtu asije. Alivumilia siku tatu. Ya nne akajisemea liwalo na liwe, akaenda kwa muuza magazeti.

“Nipe moja.”

“Si wewe uliyepanda benchi?”

“Ndiye mimi. Nitilie kwenye mfuko mweusi.”

Siku hiyo gazeti liliuza nakala moja mtaani. Toleo jipya lilifanya kazi sawa na la zamani, kwa kuwa nalo halikuwataja wale waliokufa.

Wiki iliyofuata alikuja fundi viatu, ambaye mkewe alikuwa kiwandani siku ile. Alificha gazeti chini ya shati, anaona haya kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

“Nasikia mdogo wako anakuja.”

“Anakuja.”

“Wangu alikuwa mnene kidogo.”

“Usijali. Karatasi inajua.”

Mwisho wa mwezi nyumba zote kumi na tisa zilikuwa zimelamba matapishi yao, na kila alasiri lile benchi la kiapo lilijaa wanawake wanaonuka moshi, wakisubiri zamu. Majirani waliona wafiwa wenyewe wananunua, nao wakanunua. Mgomo ukafa bila mazishi.

“Wasomaji wamerudi,” gazeti likaandika ukurasa wa kwanza, juu ya picha ya tajiri akicheka. Bi Pindo alilitandaza mezani. Mdogo wake, pini mabegani, alichungulia.

“Wameshatuandika?”

“Bado.”

“Maana wakituandika, dada, hatuji tena. Tutapumzika.”

Bi Pindo alijua kwamba mtu mwema angesikitika. Yeye alifurahi, akaona aibu kwa kufurahi. Mkasi ukapita katikati ya meno ya tajiri. Kola ikatoka sawasawa.

“Kesho uje mapema,” alisema.

Asubuhi alikuwa wa kwanza kwa muuza magazeti. Alilipekua lote palepale, ukurasa kwa ukurasa, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu moto. Alipoona hawamo, alishusha pumzi, akalipa, akaenda zake kazini.