Baiskeli Kwenye Behewa la Mwisho

Fundi wa kuchomelea hakumwamini mtu na baiskeli yake. Aliiunda mwenyewe, bomba kwa bomba, na keria akaipima kwa ajili ya mkewe, ili wakifika ugenini walizunguke ziwa wakiwa wawili juu ya chombo kimoja. Walipoambiwa stesheni kwamba baiskeli hupanda behewa la mwisho la treni tu, na humo hakuna viti, hakufikiri mara mbili.

"Nenda kakae mbele, mama watoto. Goti lako halitaki kusimama. Mimi nabaki na huyu."

"Huyu?" Mkewe, mwalimu wa chekechea, alimtazama kama mtoto aliyekutwa anakula chaki. "Haya bwana. Mkimaliza fungate yenu, mtanikuta dirishani."

Akaenda zake. Fundi akaifunga baiskeli kwenye nguzo kwa mafundo matatu, kila fundo akalivuta mpaka kamba ikalia.

Saa nzima baadaye akaingia mkagua tiketi. Akaziangalia tiketi mbili, akamwangalia fundi mmoja.

"Mke?"

"Mbele," fundi akajibu. Katika lugha ya nchi ile alijua maneno kama kumi tu.

Mkagua tiketi akakunja uso. Akaziunganisha ngumi zake, kisha akazitenganisha polepole, moja kulia, moja kushoto. "Stesheni inayofuata. Treni inakatwa. Mbele, njia nyingine. Nchi nyingine."

Fundi akapapasa koti. Pasipoti zote mbili zilikuwa humo. Simu ya mkewe ilikuwa haishiki mtandao tangu wavuke mpaka.

"Nipite ndani kwa ndani?" fundi akauliza, nusu kwa maneno, nusu kwa mikono.

Yule akatikisa kichwa: hakuna mlango. Na treni itasimama muda gani? Mkagua tiketi akainua vidole viwili. Dakika mbili.

Treni haijaanza kupunguza mwendo, fundi alikuwa keshapiga magoti. Fundo la kwanza likaachia. La pili akalifungua kwa meno. La tatu, lile alilolikaza kwa majivuno, likagoma kama punda. Milango ikafunguka. Akavuta mpaka kucha ikang'oka. Nje, wafanyakazi wawili wenye vizibao vya njano walikuwa wameshashuka relini, kati ya behewa na behewa, na vyuma vikaanza kugongana.

Fundi akaitazama baiskeli. Akaiacha.

Alikimbia dirisha baada ya dirisha akiita jina la mkewe, macho yamemtoka. Kisha akamwona kwenye jukwaa la stesheni, anachechemea kuja nyuma, mkoba kifuani.

"Jirani yangu wa kiti kanionyesha kwenye ramani treni inapokatwa!" mkewe akapaza sauti kwa mbali. "Nikasema leo huyu mwanamume anakwenda zake na vyuma vyake, na mimi..."

Hakumaliza. Fundi alishamkamata mikono yote miwili.

Filimbi ikalia. Nusu ya mbele ikaondoka, na punde nusu ya nyuma ikafuata. Behewa la mwisho likawapita, baiskeli imesimama wima dirishani, imefungwa barabara.

"Umeiacha?" mkewe akauliza kwa sauti ndogo.

"Fundo lilikataa."

"Si ungebaki ulifungue taratibu?"

"Ningebaki, wewe ungekuwa wapi?"

Mwalimu akamvuta mpaka kwenye benchi, akamkalisha, akamwekea kiganja mgongoni kama afanyavyo kwa watoto wanaolilia mama zao siku ya kwanza.

"Vuta pumzi," akamwambia. "Toa. Tena, mume wangu."

Fundi akatii.