Kampuni Inayoajiri Haipunguzi Watu

Mwezi mzima Aristides hakukaa akatulia. Anainuka kwenye kiti, anachungulia mlangoni, anarudi, anakaa, anainuka tena, mpaka wapagazi wakamtania kwamba kiti chake kina kunguni. Uvumi ndio uliokuwa ukimtekenya. Ilisemekana kampuni yao, inayouza vyombo vya nyumbani kwa jumla pale Kariakoo, itapunguza wafanyakazi. Yeye alikuwa msimamizi wa stoo, mwajiriwa wa kudumu, na hakuwa na kazi nyingine aliyoijua tangu aje mjini kutoka Rombo.

Kilichomtuliza kidogo ni tangazo la nafasi za kazi lililobandikwa mlangoni.

"Mnaogopa nini nyie?" aliwaambia wenzake wakinywa chai. "Kampuni inayoajiri haipunguzi watu. Umeona wapi?"

Moza, dada wa kaunta, alimtupia jicho la pembeni. "Haya, kaka Aristides. Tusubiri tuone."

Kusubiri ndiko kulikomshinda. Akafanya lile ambalo watu wa kwao waliotangulia mjini hulifanya wakisikia harufu ya nafasi: akapiga simu nyumbani. Kwao ukiiacha nafasi ikaenda kwa watu baki, utaulizwa Krismasi mbele ya ukoo mzima, na nyama hutaila kwa raha. Kaka yake mkubwa, Benedict, alikuwa na binti aitwaye Jovitha, amemaliza chuo na sasa anakatia ng'ombe majani. Haukupita muda Jovitha akawa analala sebuleni kwa baba yake mdogo, na baba mdogo akawa anampigia debe kwa meneja.

"Huyu ni damu yangu, bosi. Ninachokijua mimi atakijua yeye. Niachie nimfundishe mwenyewe."

Meneja, Steven, alicheka sana. Aristides naye akacheka, maskini, bila kuuliza kinachochekesha ni nini.

Jovitha alipata kazi pale stoo, tena alikuwa mwepesi kushika. Kwenye kundi la simu la ukoo pongezi zilimiminika. Aristides umemwinua mtoto! Aristides Mungu akuongezee! Kichwa kikamvimba, lakini kukaa bado hakukaa. Shaibu wa mauzo aliitwa ghorofani, akashuka haangalii mtu. Akafuata mhasibu. Na ngazi ile ile vijana wapya walikuwa wakiipanda, mashati yamepigwa pasi, wanauliza ofisi ya meneja iko wapi. Ngazi yenyewe nyembamba, wawili wakikutana lazima mmoja abane ukutani. Waliobana walikuwa wa zamani.

Ijumaa mchana akaitwa yeye.

"Nafasi yako imefutwa, mzee wangu," Steven alisema, na wala hakumkaribisha kiti.

"Stoo imefutwa?"

"Stoo ipo. Tunaweka watu wa mikataba ya muda mfupi. Ni nafuu kwa kampuni."

"Sasa nani ataishika?"

Steven alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Si ulimwandaa mwenyewe? Funguo mkabidhi Jovitha."

Alimkabidhi. Jovitha alizipokea kwa mikono miwili, kwa adabu alizofunzwa nyumbani. Aristides akatoka. Alizunguka Mnazi Mmoja, akarudi mpaka Msimbazi, akazunguka tena, akipishana na watu wenye shughuli zao na kuwachukia wote. Alimchukia Steven. Akajichukia na yeye mwenyewe, na zaidi mdomo wake. Kisha likamjia wazo moja, akalishikilia: Jovitha akikataa, hawana mtu mwingine anayeijua stoo ile. Watamrudisha tu. Na mtoto hawezi kumkatalia baba yake mdogo.

Alipofika nyumbani jioni, mkewe, Candida, alikuwa ameshaambiwa. Jovitha alikuwa sakafuni, macho mekundu.

"Baba mdogo, shikamoo."

"Marahaba." Hakukaa. "Jovitha, kesho utamwambia meneja kwamba—"

Simu yake ikaita. Alikuwa Benedict. Aristides akaiweka sauti ya juu kama walivyozoea, ili nyumba nzima isalimiane.

"Mdogo wangu! Nimepakia mkungu wa ndizi kwenye basi, kesho ukapokee. Hatuna cha kukulipa. Mama yake Jovitha kila siku anakuombea."

Jovitha ndiye aliyesogea karibu na simu.

"Baba, shikamoo. Baba, wamemwachisha kazi baba mdogo leo. Mimi ndiye niliyepewa kazi yake. Nataka kuiacha."

Kule Rombo ng'ombe alisikika akilia. Candida alimshika mumewe mkono, na mumewe akainama karibu na simu, maana huyu alikuwa kaka yake wa tumbo moja, aliyembeba mgongoni, na neno lake moja lingetosha.

"Jovitha."

"Naam, baba."

"Kazi usiiache." Benedict alikohoa. "Umenisikia? Wakikupa funguo za stoo, shika. Aristides, pole sana, mdogo wangu. Pole sana. Mungu atakufungulia mlango mwingine. Lakini mtoto asiiache kazi."

Jovitha aliangua kilio. Candida akauachia mkono.

"Umenielewa, Aristides?" sauti iliuliza. "Upo?"

"Nipo, kaka," alisema Aristides, na kwa mara ya kwanza mwezi ule akakaa chini, akatulia. "Kesho nitamsindikiza kazini."