Gauni Lililokataa Kupoa

Asubuhi hiyo Mama Viraka alikuta mikono ya gauni la njano imelowa tena hadi viwikoni. Akaitoa nje ya dirisha la jikoni, mmoja baada ya mwingine, akaikamulia juu ya mimea ya maharage. Maji yalitoka na povu jembamba la sabuni ya vyombo. Hakusikitika kwa hilo, maana vidukari walikuwa wameyaandama maharage tangu mvua zilipokatika, na hakuna wanachokichukia kama maji ya sabuni. Mwaka huo maharage yake yalistawi kuliko ya jirani yeyote, na majirani walipouliza siri alijibu kwamba ana mtu anayemsaidia.

Kazi yake ilikuwa kushona mifarishi, yale mablanketi mazito yenye pamba katikati, na viraka vyake vilitokana na nguo za marehemu. Mtu akifiwa na mama yake, alikusanya magauni ya mama, akayafunga kwenye shuka, akampelekea Mama Viraka. Baada ya muda alirudishiwa mama yake akiwa mfarishi, akaenda kujifunika. Watu walisema hapakuwa na fundi mwenye mkono mwepesi kama wake. Walisema pia kwamba hapakuwa na fundi anayechelewesha kazi kama yeye, na yote mawili yalikuwa kweli.

Alichelewa kwa sababu hakukata nguo kabla haijapoa. Nguo ya marehemu hubaki na joto la mwenyewe kwa muda. Nyingine hupoa kwa wiki, nyingine kwa mwezi. Kanzu ya bahili mmoja ilikaa miezi mingi, watu wakacheka kwamba hata joto lake anaona uchungu kuliacha. Fundi aliyemfundisha kazi alimwambia usikate cha moto, akaishia hapo, kama vile mtu asivyojisumbua kueleza kwa nini kisu hakilambwi.

Waliojua kupima joto hilo ni paka. Alikuwa nao watatu. Bimkubwa, jike wa kijivu, alizeekea mle ndani na aliamini nyumba ni yake. Karani alikuwa mweupe mwenye doa jeusi puani kama la wino, na hakuweza kuona karatasi asiikalie. Mgeni aliingia siku ya mvua ajikaushe, na hajakumbuka kuondoka mpaka leo. Furushi jipya likiwekwa rafuni, wote watatu walilala juu yake. Siku waliposhuka kwa hiari yao na kuhamia kwenye kiti cha dirishani, Mama Viraka alichukua mkasi.

Gauni la njano lilikuwa la mtoto wa kaka yake, msichana waliyemwita Chiriku kwa kuwa alianza kusema kabla ya kutembea na hakunyamaza tena. Kila likizo alikuwa hapa kwa shangazi yake. Alitunga uzi kwenye sindano, kwa sababu macho ya shangazi yalikuwa yamechoka, alipalilia vitunguu, na katika kazi zote hizo mdomo wake haukupumzika. Mama Viraka hakujaliwa mtoto, na hakuwahi kuona kwamba amekosa.

Kisha ikaja siku Chiriku alisema mezani kwa baba yake, mbele ya wageni na sahani zao, kwa nini baba mdogo akilala pale yeye husukuma kabati nyuma ya mlango. Huyo baba mdogo hakuwa na damu nao hata tone. Alikuwa rafiki wa kaka, aliyemshika mkono biashara ilipomwangukia, na watoto wakafundishwa kumwita hivyo. Wageni waliendelea kula. Wiki hiyo hiyo Mama Viraka aliambiwa kwamba Chiriku amepata kazi mji wa mbali. Muda mfupi baadaye akaambiwa amekufa kwa homa na amezikwa huko huko. Msiba ulikaliwa bila jeneza. Aliyelia kuliko wote alikuwa baba mdogo, hata ikabidi apepewe.

Kaka alileta furushi mwenyewe. Paka wakapanda. Mvua zikaja zikapita, maharage yakavunwa yakapandwa mengine, na paka wakawa bado wako juu. Ndipo gauni likaanza kulowa. Asubuhi ililowa mikono, kwa maji ya vyombo. Mchana yalilowa makwapa na mgongo. Jioni ulilowa ukosi, na maji ya ukosi yalikuwa ya chumvi. Mama Viraka aliyamwaga kwenye nyanya kabla hajajua, nyanya zikakauka zote. Tangu hapo aliyamwaga kando ya ukuta, na pale ukutani hapakuota kitu tena, hata magugu.

Si kwamba hakuelewa. Aliyekufa haoshi vyombo vya watu. Alikwenda kituo cha mabasi akauliza, akaonyeshwa kwamba mabasi ya alfajiri ni mengi na yanakwenda pande zote za dunia. Aliyejua ni lipi lililomchukua Chiriku ni kaka. Mama Viraka alimuuliza mara mbili, na mara zote mbili kaka alizungumzia hali ya hewa.

Siku hiyo, baada ya kuyamwagia maharage, alikuwa anapunguza matawi ya waridi kaka alipoingia getini na mkewe nyuma yake. Aliwakaribisha ndani, akawapa chai. Kaka aliweka gazeti lake kwenye kochi, na Karani akashuka rafuni, akalikalia, akapanda tena.

“Dada, bado tu?” kaka aliuliza.

“Bado halijapoa.”

“Mwaka sasa! Watu watakuja kuukumbuka msiba, nataka waukute mfarishi umetandikwa. Jambo liishe.”

“Paka hawajashuka, mdogo wangu.”

Kaka alitazama rafuni. Bimkubwa alimtazama yeye kwa jicho moja. “Paka ni wavivu,” kaka alisema. “Ukimngoja paka aamke utazeeka umekaa.”

“Nimeshazeeka. Njoo ushike mgongo wa gauni.”

“Sikuja kushika nguo hapa.”

Aliyeinuka ni wifi yake. Alikuwa mwanamke wa kukaa karibu na mlango, hata nyumbani kwake. Alienda rafuni, akapenyeza kiganja chini ya tumbo la Mgeni, akakiacha hapo kama mama anayepima paji la mtoto.

“Ni la moto,” alisema. “Hapa mgongoni limezidi. Atakuwa ameinama juani.”

“Basi yu hai,” alisema Mama Viraka.

Hakuna kikombe kilichoanguka. Kaka alikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka.

“Kwangu amekufa,” alisema. “Nilimwambia ayarudishe maneno yake, akakataa. Nilimbembeleza, dada. Wewe unamjua, mdomo ule. Nikampakia basi, nikamwambia asirudi. Sasa watu wakiniuliza yuko wapi, ningesema nini?”

“Alichosema kilikuwa uongo?”

Kaka aliinua kikombe, akanywa mpaka mwisho, akaendelea kukishika mdomoni kikiwa kitupu. “Yule mtu amenisimamishia nyumba,” alisema.

“Sikukuuliza habari za nyumba.”

“Mambo ya ndani hayatoki nje, dada.”

“Ndiyo maana ukamtoa mtoto,” Mama Viraka alisema. “Kikulacho ki nguoni mwako, na wewe unamwandalia chai. Niambie basi lilikwenda wapi. Sitaki kingine. Nitamfuata mwenyewe, akae hapa kwangu, na wewe hutamwona.”

“Akae hapa, na watu wamekwisha kumlilia? Nimwite baba mdogo aje kujifuta machozi upya?” Kaka alisimama. “Sikiliza. Kama kazi imekushinda, nitalipeleka kwa yule fundi wa sokoni. Yule hana paka.”

Fundi wa sokoni alikuwa na mashine ya umeme na mkasi mrefu kama mkono wa mtoto, na alikata vitambaa kumi kwa mpigo. Mama Viraka alimgeukia wifi yake. Wifi alikuwa bado amesimama rafuni, mkono uko chini ya paka.

“Shona, wifi,” alisema bila kumtazama. “Tafadhali. Mimi nataka kulala nao.”

Mama Viraka akasema njooni jioni.

Walipoondoka alifunga dirisha, akatandaza shuka jeupe sakafuni, na juu yake akalaza gauni la njano zima kama lilivyo. Mkasi aliuweka jikoni, kwenye droo ya vijiko, ili mkono wake usiuendee kwa mazoea. Alichukua sindano nyembamba kuliko zote. Alipochoma pindo kwa mara ya kwanza, gauni lilishtuka, sehemu ya goti ikajikunja.

“Pole, mwanangu,” alisema, akaanza tena kwa wepesi zaidi.

Alilishona hivyo hivyo mchana wote, kwa kupitia ukingoni tu, penye mishono ya zamani, akisema pole kila alipochoma. Kando alizungushia viraka vya watu waliopoa zamani: fundi saa mmoja, mwalimu mmoja, bibi mmoja aliyependa vitambaa vya maua. Aliwachagua watu wapole, kwa kuwa wangekaa naye muda mrefu. Mikono ya gauni hakuishona. Aliiacha huru, maana mtu hawezi kuosha vyombo akiwa amefungwa mikono.

Pamba ilipokwisha kuingia, alikaa chini akaushika mwisho wa mkono wa kulia, pale kifungo kilipo. Ulikuwa unatiririka, vyombo vya mchana vilikuwa vingi huko alikokuwa. Mama Viraka aliukaza kidogo. Maji yakasimama. Mkono ukatulia ndani ya kiganja chake, usiende huku wala kule, kama mtu aliyeacha sahani kwenye beseni na kusikiliza. Shangazi alingoja. Aliuliza ni mji gani, ni mtaa gani, ni nyumba ya nani. Lakini gauni halina mdomo, na Chiriku, aliyekuwa hanyamazi, hakuweza kusema lolote. Baada ya muda, labda kuna aliyemwita, maji yakaanza tena. Mama Viraka alilia kwa sauti, jinsi ambavyo hakuwahi kulia msibani. Paka walimsubiri amalize, kisha wakahamia kwenye mfarishi.

Jioni kaka aliuchukua. Aliutazama, akaona gauni zima na mikono inayoning'inia, akasema kwamba si mtindo mbaya. Watu walipokuja kuukumbuka msiba waliukuta umetandikwa. Baba mdogo aliupapasa kwa kiganja chake kipana, akasema una joto zuri, ni kazi ya fundi kweli kweli. Mkono wa kushoto wa gauni ulijivuta chini ya mto. Wote waliuona ukijivuta, na mtu mmoja akasema kuna upepo.

Kwa Mama Viraka vidukari walirudi kwenye maharage. Alichanganya sabuni yake mwenyewe, haikuwa na nguvu ile. Paka nao walihama. Kila baada ya chakula cha mchana walivuka barabara, Bimkubwa mbele, wakaenda kulala kitandani kwa kaka, na kila alasiri Mama Viraka alikwenda kuwarudisha. Hakuwa na haja kubwa ya kuwarudisha, paka wanajua njia.

Alasiri moja alimkuta wifi yake ameketi ukingoni mwa kitanda na bakuli la maji magotini. Alikuwa anachovya kitambaa, anakikamua, anakiweka juu ya ukosi wa gauni.

“Ana homa tangu jana,” wifi alisema. “Mikono imekauka kabisa. Hajaosha kitu.”

Mama Viraka alivua viatu, akaketi upande wa pili, akachukua kitambaa kingine. Walifanya kazi hiyo pamoja. Gauni lilikuwa linaunguza, viraka vya fundi saa na mwalimu navyo vimepata moto. Wifi aliinamisha kichwa akanong'oneza maneno ambayo mama huyasema kwa mtoto mgonjwa, yale yasiyo na maana yoyote. Mwanga wa dirishani ulianza kuwa mwekundu. Kisha joto likaanza kushuka. Lilishuka vizuri, likafika mahali pake pa kila siku, likapapita, likazidi kushuka, na wanawake wote wawili wakaacha vitambaa wakawatazama paka.

Karani aliinua kichwa. Mgeni alijinyoosha, akasimama, akazunguka mara moja hapo alipo, akalala tena. Bimkubwa hakufungua hata jicho. Mkono wa kulia wa gauni ukatoa tone moja la jasho, kisha jingine.

“Imemtoka,” alisema wifi.

“Wifi yangu,” Mama Viraka alisema, “wewe unalijua lile basi. Ulimfungia nguo. Niambie, niende kesho asubuhi.”

Wifi aliunyoosha ukosi wa gauni, akaufunga kifungo cha juu.

“Atanifukuza na mimi,” alisema. “Na nikifukuzwa nitalala na nini? Mfarishi ni wake.” Alifuta macho kwa kitambaa kile kile. “Halafu mtu aliyekufa hafuatwi, wifi. Wewe mwenyewe ulikuwapo msibani.”

Sebuleni kiti kilisogezwa, kaka akacheka, na sauti nyingine, nzito, ikacheka pamoja naye. Kaka akaita kwamba baba mdogo amefika, wako wapi watu wa humu, chai iko wapi. Mwisho wa mkono wa gauni ulikuwa umemshika wifi kidole. Aliutoa taratibu, akauweka juu ya mgongo wa Bimkubwa penye joto, akasema nakuja sasa hivi, mwanangu, akaenda kuinjika maji.